Ada Ndogo Inayorudi Kila Mwezi: Mustakabali wa Kuwekeza katika Kampuni za Huduma za Majengo ya Biashara Nairobi



Mada niliyopewa inahusu kampuni ambayo haimiliki jengo hata moja, lakini riziki yake yote inatoka kwenye majengo. Kampuni ya namna hiyo huwatafutia wenye majengo wapangaji, huwakusanyia kodi, huwafanyia uthamini benki inapouliza mali ina thamani gani, husimamia walinzi, wasafishaji na mafundi wa lifti, na mara nyingine husimamia ujenzi tangu ramani hadi siku ya kukabidhi funguo. Huko nje majina makubwa ni CBRE, iliyoanzia San Francisco mwaka 1906, na JLL, ambayo mizizi yake iko London tangu 1783. Hapa Nairobi mmeona mabango ya Knight Frank, Broll, Lloyd Masika na Tysons. Nina hoja moja, nami naiweka mezani mapema ili mnipime nayo: anayetaka kujua kama kampuni hiyo ina mustakabali asihesabu maghorofa yenye bango lake. Aulize ni mikataba mingapi ya usimamizi iliyomalizika mwaka jana, na mingapi kati ya hiyo wenye majengo waliitia saini upya.

Kutotofautisha kampuni ya huduma na kampuni ya ujenzi kumewagharimu Wakenya fedha nyingi. Home Afrika iliingia Soko la Hisa la Nairobi Julai 2013 kwa shilingi 12 kwa hisa, na miaka michache baadaye hisa hiyo ilikuwa inauzwa kwa chini ya shilingi moja. Hiyo ni kampuni ya ardhi na ujenzi: hununua shamba, hukopa, hujenga, kisha hungoja wanunuzi. Wanunuzi wakichelewa, riba ya mkopo inaendelea kuhesabiwa. Oktoba 2021 mifuko miwili ya Cytonn, ambayo fedha zake zilikuwa zimeingizwa katika miradi ya majengo, iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria, na maelfu ya watu walioweka akiba zao humo wakabaki wakizunguka mahakamani.

Kuna njia ya tatu, ya mfuko unaomiliki majengo yaliyokwisha kujengwa na kugawa kodi. Mfuko wa kwanza wa aina hiyo kwetu, Fahari, ulianza kuuzwa sokoni Novemba 2015 kwa shilingi 20 kwa kipande. Mali yake kubwa ilikuwa Greenspan Mall kule Donholm. Mwaka 2023 wawekezaji wadogo walipewa nafasi ya kutoka kwa shilingi 11 kwa kipande, na mapema 2024 mfuko ukaondoka kwenye soko kuu. Naomba tukae kidogo kwenye Greenspan, kwa sababu somo la leo liko pale. Mpangaji mkuu alikuwa supamaketi ya Tuskys. Tuskys ilipoanguka, mwenye jengo alibaki na madeni ya kodi na nafasi kubwa iliyohitaji mtu mwingine. Baadaye Naivas ikaingia. Kwa mwenye mali, huo ni msiba. Kwa wakala, kuondoka kwa mpangaji mmoja na kuingia kwa mwingine ni kazi: kutafuta, kupima nafasi, kujadili bei, kuandika mkataba. Ndivyo ilivyokuwa supamaketi ya Nakumatt ilipokufa na kumbi zake nyingi, ukiwamo ule wa Thika Road Mall uliochukuliwa na Carrefour, zikabadilisha wapangaji. Nyakati mbaya huipunguzia kampuni ya huduma ada inayotokana na kodi, lakini huiletea kazi ya aina nyingine. Hiyo ndiyo maana ya kampuni kuwa na huduma nyingi chini ya paa moja.

Tuweke tarakimu, kwa mfano tu. Chukua ploti ya vyumba 24 hapa kwetu Olympic, Kibra, kila chumba shilingi 8,000 kwa mwezi. Kodi ni 192,000. Ada ya usimamizi Nairobi kwa kawaida huwa kati ya asilimia 5 na 10, tuseme 8. Hiyo ni 15,360 kwa mwezi, yaani 184,320 kwa mwaka. Sasa chukua dalali aliyeuza kiwanja cha milioni 20 kwa ada ya asilimia 3. Amepata 600,000 kwa siku moja, na mtaa mzima utamsikia. Yule wa ploti atampita kabla ya mwaka wa nne kwisha, na mwaka wa tano bado analipwa. Kampuni yenye ploti 40 za namna hiyo inaingiza 7,372,800 kwa mwaka bila kuuza kiwanja hata kimoja. Dalali hana uhakika wa Januari. Msimamizi anajua Januari italeta nini.

Kwa hiyo tunapotazama Nairobi ya miaka ijayo, swali ni kazi ya usimamizi itatoka wapi. Wengi watawaonyesha Westlands na Upper Hill. Mimi siko upande huo moja kwa moja. Ofisi zilijengwa nyingi kuliko wapangaji, na kodi ya ofisi bora imekaa miaka mingi karibu na dola 1.2 kwa futi mraba kwa mwezi. Mwaka 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa, na pamoja nalo miradi iliyokuwa imepanga ofisi jijini. Upande wa pili, mashirika ya Umoja wa Mataifa yametangaza kuhamishia Nairobi baadhi ya kazi zao, jambo linalowapa matumaini wenye ofisi za Gigiri. Kampuni inayowakilisha wapangaji wakubwa katika mazungumzo itapata kazi hapo. Lakini mteja mmoja akiondoka, pengo lake linaonekana kwenye hesabu za mwaka mzima.

Soko ambalo sijaona likithaminiwa vya kutosha liko hapa mtaani. Olympic, Ayany na Fort Jesus ni mitaa iliyojengwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Leo nyumba nyingi zimeongezwa vyumba na orofa, na kando ya Kibera Drive chini kuna duka la dawa, kinyozi, M-Pesa, chipsi. Vuka uende Kawangware, hali ni ile ile kwa wingi zaidi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 185,777 katika kaunti ndogo ya Kibra, na utafiti wa Benki ya Dunia wa 2004 ulikuta kwamba asilimia 92 ya kaya katika mitaa ya mabanda ya Nairobi ni wapangaji wanaolipa kodi. Hapa pana fedha inayotembea kila tarehe 5 ya mwezi, na sehemu kubwa yake inasimamiwa na mtunza ploti mwenye daftari moja.

Angalieni sheria peke yake. Sura ya 301 ya sheria za Kenya inalinda wapangaji wa maduka, hoteli na sehemu za kulia chakula ambao mikataba yao haikuandikwa, au imeandikwa kwa muda usiozidi miaka 5. Mpangaji wa namna hiyo huwezi kumpandishia kodi kwa kumtumia ujumbe wa simu jioni. Anastahili notisi ya maandishi ya miezi isiyopungua miwili, katika fomu iliyowekwa na sheria, naye ana haki ya kwenda kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara. Ndiyo sababu maduka makubwa ya mjini hupewa mikataba ya miaka 5 na miezi 3, au miaka 6. Mwenye duka wa Olympic analindwa na sheria ambayo mara nyingi hajaisikia, na landilodi wake anaivunja bila kujua. Kampuni inayoijua sheria hii ina huduma ya kuuza kwa wote wawili.

Halafu kuna ushuru. Tangu Januari 2024, kodi ya nyumba za kuishi iliyo kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya jumla, bila kutoa gharama. Kodi ya majengo ya biashara ina hesabu yake tofauti. Wenye ploti wengi wanahitaji mtu wa kuwawasilishia hesabu hizo.

Nisiifiche hatari. M-Pesa imemwezesha landilodi kupokea kodi mwenyewe, na kampuni ambayo kazi yake yote ni kukusanya fedha itakosa cha kuuza. Ndani ya Kibera ardhi kubwa ni ya umma, kwa hiyo mthamini hana hati ya kuipelekea benki. Ekari 288 ambazo jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hatimiliki yake Juni 2017 ni ardhi ya jamii, haiuzwi kipande kipande. Na Julai 2018 tuliona barabara ya kutoka Ngong Road kwenda Lang'ata ikipitishwa katikati ya nyumba, maduka na shule; maelfu ya watu wakakosa pa kulala. Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu waliobomolewa ni jirani zetu. Katika lugha ya uwekezaji, aliyekuwa na jengo pale alipoteza mtaji wote. Aliyekuwa analisimamia alipoteza mkataba.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni fedha za watu. Wakala anapokea kodi ya mwenye nyumba na dipositi ya mpangaji. Zikikaa katika akaunti moja na fedha za mishahara ya ofisi, siku moja zitaliwa. Chama cha akiba kikialikwa kununua hisa, kitake kuona taarifa ya benki ya akaunti ya wateja kabla ya kuona picha za majengo. Kitake pia cheti cha bodi inayosajili mawakala wa majengo, na majina ya wathamini waliosajiliwa, kwa sababu mthamini mmoja mwenye leseni akihama anaweza kuondoka na wateja wa idara nzima.

Imebaki bei. Kampuni ya huduma za majengo ya kununua sokoni kama hisa za Safaricom haipo Nairobi. Hisa zitapatikana kwa makubaliano ya faragha, na kuziuza tena ni vigumu. Benki Kuu ilishusha riba yake ya msingi kutoka asilimia 13 mapema 2024 hadi 9.25 Oktoba 2025, na hati za Serikali za siku 91, ambazo zilizidi asilimia 16 mwaka 2024, zilishuka hadi karibu asilimia 8 wakati huo. Hilo linarudisha wanunuzi na wajenzi, na linafanya faida nyingine zionekane nzuri. Hata hivyo, aliyefungia fedha zake mahali pasipo na soko anastahili malipo zaidi ya aliyezikopesha Serikali.

Turudi kwa kampuni yetu ya mfano. Tuseme theluthi mbili ya zile 7,372,800 inaliwa na mishahara, ofisi na usafiri. Inabaki 2,457,600. Ushuru wa kampuni wa asilimia 30 ukitoka, faida ni 1,720,320. Mimi singelipa zaidi ya mara tano ya faida hiyo kwa kampuni nzima, yaani 8,601,600. Sehemu ya asilimia 10 ingegharimu chama 860,160, na kama faida yote itagawiwa, gawio ni 172,032 kwa mwaka kabla ya asilimia 5 ya ushuru wa gawio. Katika mkataba wa kununua, ningeomba kifungu kinachowalazimu waanzilishi kuzinunua tena hisa hizo kwa bei ya hesabu hiyo hiyo, mara tano ya faida ya mwaka uliotangulia, ikiwa kwa miaka miwili mfululizo zaidi ya robo ya mikataba ya usimamizi iliyomalizika haitatiwa saini upya.