Mirihi Hakuna Jirani

Maoni ya leo yanahusu ahadi kwamba binadamu atahamia sayari ya Mirihi, aishi huko, azae huko na azeekee huko. Elon Musk, mwanzilishi wa kampuni ya roketi ya SpaceX, amesema mara nyingi kwamba anataka kuona mji wa watu milioni moja juu ya sayari hiyo. Vijana wetu wanazipata habari hizi kwenye simu na wanauliza kama jambo hilo litawezekana. Swali lao ni la haki. Mimi naona kwamba kufika huko kutawezekana, na kukaa kwa muda kutawezekana pia, lakini kuhamia ni jambo jingine kabisa, na ushahidi wa tofauti hiyo unapatikana hata hapa Uganda, chini ya mlima Rwenzori.

Tuanzie Juni 2019. Mtoto wa miaka mitano aliyevuka mpaka na familia yake kutoka Kongo alifikishwa hospitali ya Kagando, hapa Kisinga, akahamishiwa Bwera, na tarehe 11 ikathibitishwa kwamba ana Ebola. Siku zile wengi walijifunza maana ya kufanya kazi mahali ambapo kosa dogo linaua. Mhudumu anayeingia wodi ya Ebola hujifunika kuanzia utosini hadi nyayoni, na mwenzake humkagua asiache hata upenyo. Ndani hukaa saa moja hivi, maana joto la mavazi yale halivumiliki, kisha huvua kipande kimoja kimoja huku akinawa kwa klorini. Sasa fikiria sayari nzima iliyo kama wodi ile. Hewa ya Mirihi ni nyembamba mno, kanieneo yake haifikii hata asilimia 1 ya hii tunayoishi nayo, na asilimia 95 yake ni kaboni dioksidi. Baridi yake kwa wastani ni nyuzi 60 chini ya sifuri. Mhudumu wa Bwera alivumilia saa ile moja kwa sababu alijua kwamba akimaliza kuvua atatoka nje, avute pumzi, anywe maji. Mhamiaji wa Mirihi hana nje ya kutokea. Akivua vazi ameingia ndani, na hata huko ndani ni mashine inayompumulia.

Udongo na mionzi pia ni maadui. Sisi tuna Katwe, ambako watu wamevuna chumvi ziwani kwa karne nyingi. Chumvi ya Mirihi haivuniki hivyo. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kiligundua kwamba udongo wa kule una pakloreti, chumvi inayoizuia tezi ya shingo kupata madini joto, kwa hiyo shamba lolote lingebidi kwanza lioshwe sumu. Mionzi nayo imepimwa na gari la Curiosity tangu 2012: siku nne juu ya ardhi ya Mirihi humpa mtu mionzi inayokaribia ile ambayo mtu wa kawaida Duniani huipata kwa mwaka mzima. Kinga iliyo rahisi zaidi ni kujifukia chini ya mita kadhaa za udongo. Wazee waliochimba shaba Kilembe wanajua maisha ya chini ya ardhi, ila wao jioni walipanda juu. Kisha kuna uzito. Gunia la kahawa la kilo 60 kule ungelibeba kama la kilo 23, na hilo linapendeza masikioni mpaka ukumbuke kwamba mifupa na misuli hudumu kwa kubebeshwa mzigo. Wanaanga wanaoelea bila uzito hupoteza takriban asilimia 1 ya mifupa ya nyonga kila mwezi wasipofanya mazoezi makali. Valeri Polyakov wa Urusi alikaa angani siku 437 mfululizo, kati ya 1994 na 1995, na mpaka sasa hakuna aliyempita kwa safari moja. Anayesema mtu ataishi Mirihi miaka 40 anakisia tu.

Hata tukifumbia macho mionzi na mifupa, linabaki jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: hatujui kutengeneza dunia ndogo inayojiendesha. Jaribio maarufu lilifanyika Arizona, Marekani. Mnamo Septemba 1991 watu wanane walifungiwa ndani ya jengo la vioo la Biosphere 2, lenye eneo la zaidi kidogo ya hekta moja, likiwa na msitu, mashamba, mbuzi na hata bahari ndogo, wakae miaka miwili bila kupokea kitu kutoka nje. Oksijeni ilianza kupungua kimyakimya. Vijidudu vya udongo wenye rutuba nyingi viliila, na kaboni dioksidi viliyoitoa ikanyonywa na saruji ya kuta, hivyo mimea haikuweza kuirudisha. Baada ya miezi 16 watu wale walikuwa wakihema kama mpanda mlima aliyefika bonde la Bujuku, karibu mita 4,000. Wadudu wa kuchavusha maua wakafa karibu wote, mende na sisimizi wakazaana. Januari 1993 ikabidi oksijeni iingizwe kutoka nje. Walikuwa wataalamu, walikuwa na fedha nyingi, na lori la mitungi liliweza kufika mlangoni. Angalia basi kazi ambayo mlima huu unatufanyia bure usiku na mchana: unakamata mvua, unachuja maji, unalisha migomba, unasafisha hewa, na hakuna fundi anayeuendesha.

Kuna watakaonijibu kwamba ufundi unakua, na jibu hilo lina uzito. Kituo cha kimataifa cha anga sasa huweza kurudisha asilimia 98 ya maji, pamoja na jasho na mkojo. Kwenye Mirihi yenyewe, mtambo mdogo wa MOXIE ulitengeneza oksijeni kutoka kwenye hewa ya kule mara 16 kati ya 2021 na 2023. Hiyo ni kazi kubwa ya kisayansi na inastahili sifa. Oksijeni yote iliyopatikana, hata hivyo, ilikuwa gramu 122, ambayo mtu mmoja huimaliza kwa saa tatu na nusu hivi. Mtambo mkubwa utajengwa, sina shaka. Nao utachakaa. Utataka vipuri, vipuri vitataka kiwanda, kiwanda kitataka migodi, umeme, mafundi na shule ya kuwafundisha mafundi. Kasese tunaujua mnyororo huo kwa machungu yake. Reli ilifika hapa mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, ambayo ilisafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa, na kampuni ikajenga nyumba, hospitali na kila kilichohitajika. Uchimbaji uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, vyote vilianza kudhoofika, na baadaye hata treni ikaacha kuja. Mji uliolishwa na kampuni moja uliyumba, lakini haukufa, kwa sababu watu walikuwa na ardhi ya kulima, ziwa la kuvua na mpaka wa kufanyia biashara. Mji wa Mirihi ukisahauliwa na wafadhili wake kwa mwaka mmoja tu hautakuwa na mpaka kama wa Mpondwe wa kwenda kununua mihogo.

Wengine watasema binadamu hajawahi kukaa sehemu moja; Wakonzo wenyewe wamefanya maisha kwenye miteremko ambayo mgeni akiiona anashika kichwa. Ni kweli, nami naiheshimu historia hiyo. Lakini waliopanda mlima waliikuta hewa, mito na udongo uliowakubali, na mambo yalipoharibika walishuka. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulivunja kingo zake, na Mei 2020 ukarudi pamoja na Nyamugasani, Mubuku na Lhubiriha, ukaibomoa hospitali ya Kilembe. Waliopoteza nyumba walikimbilia shule, makanisa na ndugu, na baadhi yao wameishi miaka kambini Muhokya. Hali yao imekuwa ngumu, na naona aibu kwamba imechukua muda mrefu hivyo. Hata hivyo, mlango wa jirani ulikuwepo. Kutoka Mirihi, sauti ya kuomba msaada huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika, kutegemea sayari mbili zilipo. Msaada wenyewe husubiri nafasi ya safari inayojitokeza kila baada ya miezi 26, kisha husafiri miezi sita hadi tisa.

Hoja ya mwisho ni ile ya akiba: kwamba kimondo kikubwa kikiiangukia Dunia, wawepo binadamu mahali pengine. Hebu tuipime. Kile kilichowamaliza dinosaria miaka milioni 66 iliyopita kiliiacha Dunia ikiwa bado na oksijeni, bahari na uzito unaotufaa. Dunia siku moja baada ya pigo lile ingali makao bora kuliko Mirihi katika siku yake njema kabisa.

Sisemi haya ili watoto wetu waache kutazama juu. Mwaka 2022 wahandisi watatu Waganda, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke, walikamilisha kule Japani setilaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, na tarehe 2 Desemba ikaachiliwa kutoka Kibo, chumba cha Wajapani kwenye kituo cha anga. Nataka wawepo wengine kama wao kutoka Bukonzo. Nataka pia watafiti waende Mirihi, wakae mwaka au miwili, warudi watueleze. Mtu mzima anayejua hatari anaweza kuichagua. Ninachokikataa ni kuzungumzia watoto kana kwamba ni mizigo ya kupakia. Hakuna mtoto wa binadamu aliyewahi kuzaliwa nje ya Dunia. Mtoto ambaye mifupa na moyo wake vitakua kwa theluthi moja hivi ya uzito wetu huenda asiweze kamwe kusimama Kisinga, na hakuna aliyemuuliza. Kwenye chumba kile kile cha Kibo, mwaka 2016, Wajapani walifuga panya kwa zaidi ya mwezi, baadhi wakielea, wengine wakizungushwa kwenye mashine ili wapate uzito kama wa Duniani. Kazi hiyo iendelezwe kwa uzito wa Mirihi, kizazi baada ya kizazi cha panya, mpaka tuone wajukuu na vitukuu wao wakitembea salama. Kabla ya hapo, asiwepo wa kutuahidi wodi ya wazazi huko.