Safari ya Msitu wa Arabuko-Sokoke
Maneno yaliyosemwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imeniagiza nieleze habari za safari iliyofanywa mwishoni mwa Juni kwenda kuwaona vipepeo na misitu ya kale iliyo kaskazini ya Mombasa. Najua wamo humu walionung'unika wakisema kwamba Chama hiki kiliundwa kwa ajili ya kuzikana, kuuguzana na kuwasomesha mayatima, basi vipepeo wameingiaje katika daftari ya hazina? Mimi mwenyewe nilikuwa katika hao walionung'unika. Maneno yangu yamo katika kumbukumbu za mkutano wa Februari, tena kwa mwandiko wangu. Nawaombeni basi mnivumilie, kwa kuwa leo nimesimama kuyapinga.

Habari ya fedha nitaimaliza upesi. Kila mtu mzima alijilipia nauli yake. Hazina ilitoa ujira wa kiongozi na chakula cha mchana cha watoto, na stakabadhi zote anazo Mtunza Hazina.

Tuliondoka alfajiri, watu 23, wazee wanne wakiwamo. Tulipofika kwenye mashamba ya makonge ya Vipingo, dereva alipunguza mwendo bila ya kuambiwa. Vipepeo weupe walikuwa wakiikata barabara kutoka mkono mmoja kwenda wa pili, mamia kwa mamia, wote wakielekea upande mmoja. Kipepeo aliyekutana na kizuizi hakukizunguka akarudi. Alipanda juu yake, akashuka ng'ambo ya pili, akashika njia ile ile. Watoto waliwahesabu hata wakachoka. Mzee mmoja alisema kwamba alipokuwa mchunga mbuzi kwetu Ukambani alikuwa akiwaona vivyo hivyo baada ya mvua, na kwamba katika umri wake wote hakupata kumwuliza mtu wanakwenda wapi.

Kiongozi wetu, kijana wa Kigiriama mwenye adabu nyingi, alitujibu tulipokutana naye Gede. Vipepeo hawa weupe hutaga mayai yao juu ya vichaka vya nchi kavu. Mvua ikinyesha vizuri, viwavi huwa wengi mno, hula majani hata vichaka vikabaki vijiti vitupu, na hao wanaotoka katika kizazi kile hushika safari. Hawarudi walikotoka, wanaokuja kurudi, kama wako, ni wana au wajukuu. Mtaalamu mmoja Mwingereza, C. B. Williams, aliyefanya kazi katika kituo cha Amani huko Usambara katika miaka ya 1920, alizichunguza sana safari hizi, na mwaka 1930 akatoa kitabu juu ya uhamaji wa vipepeo. Yuko na kipepeo mwingine, mwenye rangi ya machungwa na ncha nyeusi za mabawa, ambaye huvuka hata jangwa la Sahara kwenda Ulaya. Mwaka 2013 wachache wa kabila lake walionekana ufukoni katika Guyana ya Kifaransa, Amerika ya Kusini, na mwaka 2024 wataalamu walieleza ushahidi wao kwamba walikuwa wameivuka bahari kutoka Afrika ya Magharibi, zaidi ya kilomita 4,000, wakisaidiwa na upepo. Nilipoyasikia hayo nilikitazama kipepeo kilichokufa juu ya kioo cha motokaa, chepesi kuliko stempu ya barua, nikanyamaza.

Lakini kiongozi alituambia neno la pili, nalo ndilo lililonileta mbele yenu. Vipepeo wa safari, alisema, hawana hofu sana, kwa kuwa nchi ikiwachosha huondoka. Vipepeo wa msituni hawaondoki. Wako wanaokula majani ya mti wa namna moja au mbili tu, nao hawaujui ulimwengu ulio nje ya kivuli. Mti wao ukikatwa, hawana safari ya kufanya.

Msitu wenyewe una eneo la kilomita za mraba 420 hivi, nao ndio mkubwa kuliko yote iliyosalia ya namna yake katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Kwa mgeni ni msitu mmoja. Kwa mwenyeji ni mitatu. Upande wa mashariki umechanganyika, na humo tuliona mbambakofi na msandarusi. Katikati, penye mchanga mweupe, ni miti ya mrihi, iliyoachana hata jua hufika chini. Upande wa magharibi udongo ni mwekundu na vichaka vimesongamana mtu asipite. Zaidi ya aina 250 za vipepeo zimeandikwa humo. Tulimwona sange mwenye matako ya manjano akikimbia juu ya majani makavu, mnyama asiyezidi paka mdogo, ambaye makao yake makubwa duniani ni msitu huu. Bundi mdogo wa Sokoke hatukumwona. Yeye hulala mchana, na wataalamu wenyewe hawakumtambua hata miaka ya 1960.

Sitakawia sana juu ya magofu ya Gede, maana wengi wenu mmeyaona. Mji ule wa mawe uliachwa katika karne ya 17, na Bwana James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948. Nitasema tu kwamba miti imeota juu ya kuta za msikiti, mizizi ikashuka kama nta ya mshumaa. Makaya ya Wamijikenda hatukuingia, kwa kuwa huingii kaya bila ya idhini ya wazee wake, nasi hatukuwa tumeiomba mapema. Wazee wale, kwa miiko yao tu, wameihifadhi miti ambayo serikali nyingi zingeshindwa kuihifadhi, na mwaka 2008 makaya kadhaa yaliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Sasa nakuja kwenye kisiki.

Tulikuwa tukifuata njia nyembamba pale kiongozi aliposimama ghafula. Kando ya njia palikuwa na kisiki kilichokatwa kwa msumeno, kikavu, chenye rangi ya kahawia. Hakutuambia neno. Mzee wetu mmoja, fundi ambaye vinyago vyake vimekwenda Ujerumani na Marekani, aliinama, akakikwaruza kwa ukucha, akanusa. Kisha akavua kofia. "Muhugu," akasema. Hakuna mtu katika Chama hiki asiyeijua harufu ile. Imo katika nguo zetu.

Ndugu zangu, sote twajua uchongaji ulivyotufikia. Mutisya wa Munge, mtu wa Wamunyu, aliuona huko Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya kwanza, akaurudisha nyumbani, na kwa patasi na shoka nyumba nyingi za Ukambani zikapata mabati. Baba yangu mzazi alikuwa na kibanda cha kuchongea hapa Mombasa. Hesabu yangu ya kwanza maishani nilimwandikia yeye, katika daftari ya shule: magogo mangapi yameletwa, mangapi yamelipiwa. Magogo yaliletwa usiku. Nilikuwa mtoto, sikuuliza kwa nini mti usafiri usiku. Ada yangu katika shule ya sekondari ya misheni, sare zangu, hata Biblia yangu, vilitoka katika muhugu. Simlaumu baba, Mungu amrehemu. Naeleza tu nilichosimama mbele yake siku ile, nikiwa na wanangu wawili mkononi, na mdogo akiniuliza ni nani aliyeukata.

Muhugu hukua polepole mno. Aupandaye leo hatauchonga yeye, wala mwanawe. Tena wenyeji wa kandokando ya msitu nao wana haki yao katika habari hii. Walipoulizwa katika miaka ya mwanzo ya 1990, zaidi ya nusu walitaka msitu wote ukatwe wapate mashamba, kwa kuwa ulikuwa ukiwaletea nyani na tembo wa kula mahindi, wala hauwapi kitu. Ndipo mwaka 1993 ulipoanzishwa mradi wa Kipepeo pale Gede. Tuliona kazi yake: akina mama huwalea viwavi kwa majani ya miti waliyoipanda nyumbani, na kiwavi akishajifunga ndani ya gamba lake, hupelekwa Gede, hukaguliwa, hufungwa katika pamba, husafirishwa kwa ndege hata Ulaya na Marekani, akatoke kipepeo huko mbele ya watazamaji. Ni mbio, kwa kuwa gamba halingoji. Mama mmoja alituambia kwamba sasa akisikia shoka msituni hutoka nje kutazama ni nani. Zamani, alisema, aliyekuwa akitembea na shoka ni mumewe.

Nayafikiri maneno yake tangu siku ile. Ikiwa shoka lake limetulia, ni nani basi anayeununua mti unaoendelea kukatwa? Gogo halijipeleki sokoni.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naiunga mkono hoja iliyo mbele ya mkutano, kwamba wanachama walio mafundi wasipokee muhugu usio na kibali, na kwamba Chama kitenge sehemu ya akiba kwa kununulia magogo ya mwarobaini na mwembe na kuyahifadhi hata yakauke. Mwarobaini hukua upesi, na hapa pwani huota hata jalalani. Sitawaficha aibu yake: usipokaushwa vizuri hupasuka, na mnunuzi hurudisha kinyago. Mafundi wakongwe wamelisema hilo, na wamesema kweli. Ndiyo sababu ya kuomba fedha za ghala, maana mwenye njaa hawezi kungoja gogo likauke.

Juu ya meza ya Katibu wako swala wawili. Mmoja ni wa muhugu, kazi ya marehemu baba. Wa pili ni wa mwarobaini, aliochongwa na ndugu yangu mwezi uliopita. Huyu wa pili ana ufa mdogo katika mguu wa nyuma. Sikuuziba kwa nta, ili muuone. Naomba wapitishwe kutoka mkono hata mkono, wakianza kwa wazee, kabla ya kura kupigwa.