Kisa kimoja nacho kiripotiwe

Msikilizaji, wapo wasemao kuharisha ni jambo la kila siku, kuripoti ni kuwachosha wahudumu bure. Lakini Afrika Kusini, mwaka 2017 na 2018, bakteria wa listeria waliokuwa kwenye chakula waliwaambukiza watu zaidi ya 1,000 na kuua zaidi ya 200. Dalili zake huweza kuchelewa hata siku 70. Nani atakumbuka alichokula? Chanzo, soseji ya poloni, kilipatikana kwa kulinganisha vinasaba vya bakteria wa wagonjwa na wa kiwanda kilichoitengeneza. Na kuripoti kulifanywa lazima Desemba 2017, mlipuko umeshapamba moto! Basi ukihara damu, au mkila pamoja mkaugua, nendeni kituoni mkatoe choo kipimwe kabla ya kumeza dawa.