Muhula wa Mkungumanga: Kurudi Grenada Baada ya Tufani



Nimeombwa katika semina hii niseme juu ya visiwa na maafa yavifikayo, nami nimeona ni heri kusema juu ya kisiwa kimoja nikijuacho na kukipenda kuliko kupita juu juu katika visiwa vyote vya bahari ya Karibi. Kisiwa hicho ni Grenada, nchi ndogo iliyo mwisho wa safu ile ndefu ya visiwa ishukayo kuelekea pwani ya Venezuela, na ambayo katika bendera yake wamechora tunda la kungumanga lililopasuka, kwa kuwa ndilo lililowalisha watu wake na kuwajulisha kwa walimwengu. Nilikijua kisiwa hicho kabla ya tufani, nikakirudia baada yake. Nitakalolisema leo ni kwamba mtu arudiye mahali alipopapenda aghalabu huhesabu mapaa, ilhali kilichochukuliwa na tufani kilikuwa miaka. Na kwamba wenye kisiwa, hata wapewe mabati na mablanketi kiasi gani, huhitaji zaidi ya hayo kupewa muhula.

Tufani iliyoitwa Ivan ilipita Grenada tarehe 7 Septemba 2004, kwa upepo wa takriban kilomita 190 kwa saa. Watu 39 walifariki dunia, na katika kila nyumba 10 takriban 9 ziliharibika au zilibomoka kabisa. York House, jengo la kale lililokuwa na bunge juu ya kilima cha mji wa St. George's, lilivuliwa paa. Makanisa makubwa ya karne zilizopita yakabaki kuta zinazotazama mbingu. Hata makao ya Waziri Mkuu hayakusalimika. Waliokaa baadaye kufanya hesabu waliona kuwa hasara ilifikia kiasi cha mara mbili ya pato la nchi nzima kwa mwaka, jambo ambalo ni zito kulielewa mpaka mtu ajiulize yeye mwenyewe angefanya nini lau siku moja ingemchumia deni la mapato yake ya miaka miwili.

Watu wa Grenada hawakuitazamia siku hiyo, wala hawakuwa wapumbavu kwa kutoitazamia. Nchi yao iko kusini, nao walikuwa wamezoea kuona tufani zikipita kaskazini yao na kuwapiga majirani. Kweli, tufani ya Janet ya Septemba 1955 iliwaua watu zaidi ya 100 na kuiangusha mikungumanga mingi mno, lakini karibu miaka 50 ilikuwa imepita, na waliokumbuka walikuwa wazee. Nyumba zilizojengwa baina ya tufani hizo mbili zilijengwa, kwa sehemu kubwa, na mafundi ambao hawakupata kuona bati likiruka. Kenchi ziliwekwa juu ya ukuta kwa misumari michache na kuaminiwa kukaa kwa uzito wake. Sisi wa mwambao wa Afrika Mashariki tusiwacheke. Nitakuja kueleza kwa nini.

Arudiye huanza na mji, nao mji ulikuwa mzuri na ungali mzuri. St. George's umejengwa juu ya vilima vinavyoizunguka bandari iitwayo Carenage, na majumba yake ya kale ni ya matofali na vigae vyekundu ambavyo merikebu za Ulaya zilivichukua kama farumi, kisha zikaviacha huko na kurudi zimejaa sukari na kakao. Baada ya Ivan vilima hivyo vilifunikwa kwa maturubai ya buluu. Kisha, paa kwa paa, maturubai yakaondoka na mabati yakaja. Hoteli za ufuo wa Grand Anse zilitengenezwa mapema, na uwanja wa kriketi ukajengwa upya kwa msaada wa China ukawa tayari kwa mashindano ya Kombe la Dunia ya 2007, hata mgeni aliyekaa mjini na ufuoni tu angeweza kurudi kwao akasema kwa moyo safi kwamba kisiwa kimekwisha kupona. Bunge lenyewe, hata hivyo, halikupata jengo jipya hadi 2018. Nayataja haya yote mawili pamoja kwa sababu yanaonyesha ni vitu vya nani vinavyotangulizwa nchi inapoishi kwa wageni. Wala siwalaumu waliotanguliza hivyo, kwani mgeni ndiye aliyekuwa na fedha za haraka, na watu walikuwa na njaa.

Lakini panda mlimani. Barabara itokayo mjini kwenda Grand Etang, ambayo zamani ilipita chini ya kivuli hata mchana ukawa kama alasiri, ilikuwa wazi, na miteremko iliyokuwa kijani kibichi ilikuwa imevuliwa majani yote ikabaki rangi ya udongo na vigogo. Mkungumanga ni mti mzuri wa majani mazito, lakini mizizi yake haiendi chini sana, na upepo ukiupata ubavuni huuangusha mzima mzima, ukasimamisha nao duara la udongo na mizizi mithili ya ukuta. Niliona safu za kuta hizo katika shamba moja juu ya mji wa Gouyave, na mzee mwenye shamba akinieleza, kwa utulivu uliokuwa mgumu kuutazama, upi ulipandwa na baba yake na upi aliupanda mwenyewe alipooa. Takriban mikungumanga 9 katika kila 10 ya nchi nzima iliangamia kwa namna hiyo katika saa chache.

Hapa yafaa nikae kidogo, kwa sababu mti huu ndio ufunguo wa mada yangu. Mbegu ya kungumanga ikipandwa leo, mkulima hungoja miaka 6 au 7 hata apate kuona ua la kwanza, na ni hapo tu ndipo ajuapo kama mti wake ni jike au dume, kwani madume hayazai. Kwa hiyo hupanda zaidi ya anavyohitaji, kisha akayang'oa madume na kuyaacha machache ya kuchavushia. Mti huendelea kungojwa hata kufikia miaka 15 au 20 ndipo utoe mazao yake kamili, na ukishafika hapo huzaa muda wa miongo mingi bila kudai mengi. Kwa mtu wa umri wa miaka 60 aliyepoteza shamba lake Septemba ile, kupanda mkungumanga kulikuwa ni kuwapandia wajukuu, nao wajukuu wengi walikuwa Brooklyn, Toronto na London. Ndiyo sababu wakulima wengi, kwa busara wala si kwa uvivu, waligeukia kakao, ambayo huzaa katika miaka mitatu au minne, au mboga na ndizi, na wengine wakaliacha shamba likawa msitu. Na waliopanda, wengine walipigwa tena: tarehe 14 Julai 2005, kabla mwaka haujatimia, ikaja tufani ya Emily.

Mti huo una heshima nyingine isiyotajwa sana na wageni. Kungumanga, kwa kadiri ya simulizi mashuhuri, iliingia Grenada mnamo 1843, yaani miaka michache tu baada ya watumwa kupata uhuru wao kamili mwaka 1838. Miwa ilikuwa ni mmea wa matajiri, wenye vinu na viboko. Kungumanga na kakao vilimwezesha mtu aliyeachwa huru, akiwa na kishamba chake cha mlimani, kuvuna bila bwana. Mwaka 1947 wakulima waliunda chama chao cha ushirika cha kuuza kungumanga, chenye vituo vya kupokelea mazao katika kila pembe ya kisiwa, na kabla ya Ivan nchi hii isiyofikia hata nusu ya eneo la Pemba ilitajwa kuwa ya pili duniani baada ya Indonesia kwa kungumanga. Ukiingia katika kituo cha Gouyave, jengo la mbao la ghorofa kando ya bahari, harufu hukupokea kabla ya mtu. Kungumanga hulazwa juu ya trei za mbao wiki kadhaa mpaka zikauke ndani ya kaka zake. Kisha huvunjwa na kutiwa majini, zilizo nzito zikazama na kuwekwa kwa ajili ya wapishi wa ng'ambo, na zilizo nyepesi zikaelea na kwenda kukamuliwa mafuta. Basibasi nayo hutengwa kwa daraja zake na wanawake wakaao mistari kwa mistari, vidole vyao vikienda mbio ilhali mazungumzo yanaendelea polepole. Kaka zake hazitupwi, humwagwa katika njia za bustani, nazo hulia chini ya nyayo. Niliporudi, trei nyingi zilikuwa tupu. Kazi ilikuwapo, na wanawake walikuwapo, lakini mazao hayakuwa yamerudi, na hata leo hayajafikia kiwango cha kabla ya 2004.

Nilisema tusiwacheke, na sababu ni hii. Aprili 1872, katika enzi ya Sayyid Barghash, tufani ilipiga Unguja, mahali ambapo watu pia waliamini kuwa tufani si jambo lao. Ilizizamisha na kuzitupa pwani merikebu zilizokuwa bandarini, zikiwemo za Sultani mwenyewe, na kuiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa. Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu nao ni mti wa kungojewa miaka, na katika miaka ile ya kungoja bei ilipanda, watu wakapanda Pemba kwa wingi, na kwa masikitiko makubwa yapasa kukumbuka ni mikono ya watumwa iliyopanda. Na tangu wakati huo utajiri wa karafuu ulihamia Pemba, ukakaa huko hata leo. Mwenye kutaka kujua tufani hufanya nini katika nchi ya miti ya kungojewa asitazame mwaka ule ilipopiga. Atazame nani alikuwa na shamba wakati wa njaa ya kungoja, na nani alikuwa na soko. Wanunuzi wa Ulaya hawakuacha kutia kungumanga katika vyakula vyao kwa ajili ya kuwasubiri Grenada; walikwenda Indonesia, na mnunuzi aliyekwisha kuzoea mlango mwingine si rahisi kumrudisha.

Na sasa msiba mwingine. Tarehe 1 Julai 2024 tufani ya Beryl ilitua Carriacou, kisiwa kidogo kilicho chini ya dola ya Grenada upande wa kaskazini, ikiwa na upepo wa kilomita 240 kwa saa, nguvu ambayo haikupata kuonekana mapema hivyo katika msimu. Karibu majengo yote ya Carriacou na jirani yake Petite Martinique yaliharibika, na mikoko ya Tyrrel Bay, ambamo vyombo vilikuwa vikijificha tufani tangu zamani, ilibaki vijiti. Watu wa mwambao wangekipenda kisiwa hiki wakikiona. Katika kijiji cha Windward mafundi huunda mashua za mbao ufuoni bila mchoro, kwa jicho na mazoea, wakienda msituni kutafuta matawi yaliyokunjika kwa maumbile yake ili yawe mataruma, na siku ya kushusha chombo watu wote huja, mnyama huchinjwa, na chombo huombewa. Kazi hiyo iliandikwa na UNESCO mwaka 2023 katika urithi wa wanadamu. Na katika ngoma yao kubwa huwaimbia wahenga taifa kwa taifa, Wakromanti, Waibo, Watemne, na miongoni mwao Wakongo, hata mtu wa Afrika ya Kati aliyesimama pale asingejiona mgeni mtupu. Miti ya mataruma nayo ilivunjika. Ni muhula ule ule tena, wa mti, ingawa safari hii ni wa bahari.

Safari hii, lakini, palikuwa na jambo jipya ambalo naliona kuwa ni fundisho kubwa kuliko yote ya Ivan. Baada ya 2004 Grenada ilizama katika madeni, na ilipopatana upya na wadai wake mwaka 2015 ilitia sharti katika mkataba: tufani ya kiasi fulani ikipiga, malipo yatasimama kwa muda kisha yaendelee. Beryl ilipokuja sharti hilo lilitumika, na Grenada ikawa nchi ya kwanza duniani kulitumia. Fauka ya hayo, mfuko wa bima wa visiwa vya Karibi uliilipa zaidi ya dola milioni 40 bila kuchelewa. Mdai kumpa mdaiwa aliyefikwa na dhiki nafasi ya kuvuta pumzi ni jambo ambalo dini na ada zetu zimelijua siku zote, lakini kuliandika katika karatasi za mabenki, kabla ya dhiki, hilo ni kazi ya watu waliokwisha kuumia na wakajifunza.

Kwa mgeni arudiye, basi, sina mengi. Arudi mapema, asingoje mpaka kisiwa kifanane na picha zake. Akae katika nyumba za wenyeji, anunue kungumanga na basibasi sokoni kwa mikono iliyozivuna, apande mlimani aulize miche ina umri gani. Kisiwa alichokiacha hatakikuta, na kukitafuta ni kuwaongezea wenyeji mzigo wa kumliwaza.

Kwetu sisi tulioketi hapa nina pendekezo moja. Baada ya Ivan mabwana shamba wa Grenada walizidi kuhimiza kubebesha mikungumanga, kwa kutwaa vikonyo vya miti mijike ijulikanayo, ili mkulima asingoje miaka kadhaa kujua kama amepanda dume. Chuo chetu cha kilimo cha Kizimbani kiko katikati ya mashamba ya viungo, mikungumanga ikiwemo. Ninaomba semina hii iazimie kwamba walimu wa Kizimbani waandikiane na wenzao wa Grenada juu ya njia hiyo, na juu ya namna ya kuweka vitalu vya miche ya akiba mbali na mashamba, Unguja na Pemba pia, vipandwe upya kila mwaka iwe tufani imekuja au haikuja. Na kwamba wanasheria waliomo humu walichunguze sharti lile la mikopo, waone kama linaweza kutiwa katika mikopo ya wakulima wetu wa karafuu. Barua ya kwanza ingefaa itoke kabla ya tarehe 1 Juni, maana siku hiyo msimu wa tufani huanza kwao, na tangu hapo mabwana shamba wao huwa na kazi nyingine ya kuangalia.