Kivuko ni Barabara ya Kisiwani

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mkulima wa bara akikosa gari huweza kulifunga gunia lake juu ya baiskeli au mgongoni mwa punda, akafika sokoni amechelewa, lakini akafika. Mkulima wa kisiwani hana njia hiyo. Mbele yake yako maji. Kivuko kisipokuja, machungwa huoza gatini, mgonjwa hungoja, na pembejeo hukaa ng'ambo hali mvua inapita. Kwa sababu hiyo kivuko hakiwezi kuhesabiwa kuwa chombo cha biashara tu. Ni barabara ya umma iliyowekwa juu ya maji.

Mfano ulio wazi ni Wilaya ya Ukerewe, yenye visiwa 38 ndani ya Ziwa Victoria. Kisiwa kikuu kinaunganishwa na bara kwa kivuko cha Rugezi na Kisorya, na kutoka Nansio wasafiri huenda Mwanza kwa meli. Kaskazini kiko kisiwa cha Ukara, kidogo kwa eneo lakini chenye watu wengi. Wakulima wake wamejulikana tangu zamani kwa bidii isiyo ya kawaida: hufuga ng'ombe zizini, hukusanya samadi na kuipeleka shambani, wala hawaiachi ardhi ilale bure. Jasho hilo lote, likihitaji soko la nje, hupita katika mlango mmoja, nao ni kivuko cha kati ya Bwisya, upande wa Ukara, na Bugolora, upande wa Ukerewe.

Mlango wa namna hiyo hauwezi kuachiwa faida peke yake. Mfanyabiashara hufuata siku ya gulio, wakati abiria ni wengi. Siku ya masika yenye abiria kumi humtia hasara, naye ana haki ya kuikimbia hasara. Umma hauna haki ya kuwakimbia wale kumi. Ndiyo maana nchi nzima huchangia safari hizo kwa njia ya kodi, na vivuko hivyo vikawekwa chini ya Wakala wa Ufundi na Umeme, yaani TEMESA. Hata hivyo, mali ya umma hailindwi na Serikali peke yake. Hulindwa pia na wale wanaoitumia.

Somo hilo lilifundishwa kwa gharama kubwa tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi ambayo ilikuwa siku ya gulio Bugolora. Kivuko MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua abiria wapatao 100 na mizigo ya tani 25, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara. Watu 228 walipoteza maisha na 41 wakaokolewa. Kwa hesabu hiyo, kivuko kilikuwa na watu zaidi ya mara mbili ya idadi yake halali. Habari za siku zile zilieleza kuwa mkatisha tiketi naye alifariki, na mashine yenye hesabu ya abiria ikapotea majini. Ndugu waliosimama ufukweni hawakuwa na orodha ya kuwaambia ni nani alipanda na ni nani alibaki.

Haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Wengi wao walizikwa Igoma. Idadi kamili ya waliokuwamo imebaki ya kukisia, kwa kuwa abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika misiba hiyo miwili waliopotea bila daftari walikuwa watu.

Baada ya msiba wa mwaka 2018, Ukara ilipatiwa kivuko kipya kilicho kikubwa zaidi. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini chombo kikubwa hakiondoi hatari kama desturi ya kusukumana inabaki ile ile. Kila chombo kina kikomo, na siku ya gulio watu huongezeka kufuata nafasi iliyoongezeka.

Hapo ndipo chama cha msingi kinapokuwa na kazi ya kufanya.

Kwanza ni uzito. Katibu anajua kwamba tani 25 ni magunia 250 ya kilo 100, pasipo gari hata moja. Anajua vilevile lumbesa ni nini. Gunia lililoshonewa kilemba humpunja mkulima mbele ya mnunuzi. Likipakiwa kivukoni hukipunja chombo, maana huhesabiwa moja na uzito wake ni wa moja na nusu. Chama kinachopima mazao yake kwa mizani na kumkabidhi msimamizi wa gati hati ya uzito kinaokoa fedha na roho kwa pamoja.

Pili ni ratiba. Mzigo wa chama si lazima uvuke siku ya gulio. Viongozi wakipatana mapema na uongozi wa kivuko, mazao yatavuka siku zenye nafasi, na siku ya gulio itaachiwa watu.

Tatu ni daftari. Wanachama wanaosafiri kwa shughuli za chama waandikwe majina kabla ya kupanda, na nakala ya orodha ibaki nchi kavu. Orodha inayosafiri pamoja na abiria huzama pamoja nao.

Nne, na hili ndilo zito, ni kukubali kubaki. Nahodha anayesema chombo kimejaa hutukanwa na wenye haraka, na mara nyingine hushindwa na kelele. Mwanachama mwenye gunia lake mkononi akirudi nyuma kwa hiari, amemsaidia nahodha kuliko tangazo lolote lililobandikwa ukutani. Hasara ya gulio moja huweza kulipwa na gulio linalofuata.

Ndugu Wanachama, ushirika ulianzishwa ili mizani iwe ya haki na daftari liwe la kweli. Kisiwani, mizani hiyo na daftari hilo havina budi kufika mpaka gatini. Mkutano mkuu ujao wa kila chama kilicho kando ya maji uliweke jambo hili katika ajenda, na katibu aliandike katika kumbukumbu.