Mlezi wa Kidichi Aingie Darasani

Wageni wengi huijua Kidichi ya Zanzibar kwa mashamba ya viungo na hamamu aliyoijenga Sultani Seyyid Said mwaka 1850. Leo natwaa jambo jengine la huko: malezi ya mtoto aliyefiwa.

Hitima ikishasomwa, jamaa hubaki barazani wakaulizana. Nani atakaa na mtoto? Nani atamsimamia chuoni na skuli? Mama mdogo atasema lake, ami lake, bibi atakata shauri, na sheha atapewa habari. Mtoto huendelea kuitwa kwa jina la baba yake. Kwa sheria ya dini hamrithi mlezi wake, lakini mlezi anaweza kumuusia hadi thuluthi ya mali yake. Malezi haya yanaitwa kafala, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 imeyatambua.

Sasa mtazame kijana anayesomea ustawi wa jamii. Vitabu vyake vingi vimetoka Marekani na Uingereza. Mary Richmond, aliyechapisha kitabu cha Social Diagnosis mwaka 1917, aliandika kuhusu miji ya Marekani aliyoijua, na alifanya vyema. Lakini kijana wetu akiibeba njia ile nzima nzima, atafika Kidichi na fomu yenye nafasi ya mlezi mmoja, na nyumba ile ina walezi wanne. Atamwandika mmoja, na wale watatu hatawauliza kitu tena.

Mwaka 2014, mjini Melbourne, mashirika ya kimataifa ya ustawi wa jamii yalipitisha maelezo mapya ya taaluma yao, yakayataja maarifa ya wenyeji miongoni mwa misingi yake. Ruhusa ya kufundisha maarifa yetu tunayo, basi.

Sisemi kila la wazee ni jema. Wapo watoto waliochukuliwa kwa jina la kulelewa, wakaishia kuchota maji na kuosha vyombo wenzao wakiwa skuli. Hapo afisa wa ustawi aliyesoma haki za mtoto anahitajika sana, na jamaa watamsikiliza iwapo anaujua mwenendo wao kabla ya kuukosoa.

Walimu wa vyuo vikuu vyetu, nakuombeni: waiteni walezi, masheha na makadhi waje kufundisha, na walipwe kama anavyolipwa mhadhiri mwalikwa. Mwanafunzi naye akae shehiani kwanza, cheti kifuate. Na wewe bibi uliyelea watoto wa wenzio, ukiitwa chuo kikuu, nenda ukasomeshe.