Mimba Inapoanguka, Tusimwache Mama Njiani

 

Somo letu ni Marko sura ya 5, kuanzia mstari wa 25. Mnamjua yule mama. Miaka 12 damu ilikuwa ikimtoka, na mali yake yote ilikwisha kwa waganga. Lakini kuna jambo ambalo wahubiri wengi wanalipita mbio kusudi wafike kwenye muujiza. Katika Walawi sura ya 15, mama wa namna hiyo alihesabiwa kuwa najisi, na aliyegusa kitanda chake au kiti chake alikuwa najisi pia. Ndiyo sababu alikuja kwa nyuma, kwa kujificha katikati ya watu. Aliogopa watu kuliko ugonjwa. Alipoitwa mbele alitetemeka. Na Yesu hakumwuliza damu ile ilianza namna gani. Alimwita binti.

Leo tunasema juu ya wamama wanaokuja kwa nyuma namna ile: wale ambao mimba zao zimeanguka.

Tuseme wazi kusudi mtu asitusikie vibaya. Tunahubiri kwamba uzima ni wa Mungu tangu tumboni, na hatuligeuzi neno hilo. Lakini kutoa mimba ni jambo moja, na mimba kuanguka ni jambo lingine. Katika mimba 100 zinazojulikana, kati ya 10 na 20 zinaanguka zenyewe. Nyingi zinaanguka katika miezi mitatu ya kwanza, na mara nyingi ni kwa sababu mtoto hakuanza kuumbika vizuri tangu siku za mwanzo kabisa. Si mzigo aliobeba kutoka shamba, wala si ulozi wa mama mkwe. (Mama wakwe wamesingiziwa mengi katika jambo hili!)

Shida ni kwamba damu ni damu. Muganga hawezi kila mara kutambua kwa macho kama mimba ilianguka yenyewe au ilitolewa. Matunzo nayo ni yaleyale: kuvuta mabaki yaliyosalia tumboni, au kutoa vidonge vya misoprostoli, ambavyo pia vinazuia damu ya mama aliyetoka kuzaa. Sasa, sheria ya kukataza kutoa mimba inapotisha sana, muganga anaanza kufikiri gereza wakati mgonjwa yuko mbele yake. Naye mgonjwa anabaki nyumbani.

Jambo hili limekwisha kutokea katika inchi za Wakristo. Ayalandi ilikuwa inchi ya Kikatolika sana, na tangu mwaka 1983 katiba yake ililinda uzima wa mtoto tumboni sawa na uzima wa mama. Mwaka 2012, mwezi wa 10, mama mmoja aliyeitwa Savita Halappanavar, daktari wa meno mwenye miaka 31, aliingia hospitali katika mji wa Galway. Mimba yake ilikuwa ya majuma 17. Waganga walijua kwamba mimba inaanguka na mtoto hataishi. Chupa ya maji ilipasuka. Mama akaomba wamsaidie mimba imalizike. Wakamjibu kwamba moyo wa mtoto ungali unapiga, sheria haiwaruhusu. Wakangoja. Katika kungoja, ambukizo likaingia katika damu. Mtoto alitoka amekufa, na siku chache baadaye, tarehe 28, mama naye akafa. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha mambo mawili: waganga hawakumfuatilia mgonjwa vizuri, na pia walikaa wakiitazama sheria. Basi tuulize: kule kungoja kulimlinda nani? Mtoto hakuokoka.

Huko Texas, Marekani, muganga anayehukumiwa kwa kutoa mimba anaweza kufungwa hata miaka 99. Sheria hiyo inaacha nafasi ya kumwokoa mama. Lakini waganga waliogopa kukosea mpaka, na mwaka 2025 wabunge wenyewe walilazimika kuiandika upya kusudi ieleweke.

Na kwetu Kongo? Kitabu cha sheria za azabu, vifungu 165 na 166, kinampa aliyemtolea mwanamke mimba miaka 5 hadi 15, na mwanamke aliyejitolea mimba miaka 5 hadi 10. Mwaka 2018 Mkataba wa Maputo ulitangazwa katika gazeti rasmi la serikali, na huo unaruhusu pale ambapo mimba inahatarisha afya au uzima wa mama, na pia kwa kubakwa. Wengi hawajasikia habari hiyo. Lakini sikilizeni hili: hakuna kifungu kinachomwazibu mama ambaye mimba yake imeanguka, wala muuguzi anayemtunza.

Hata hivi dada anavuja damu nyumbani siku tatu. Anajua maswali yanayomngoja kwenye kituo cha afya. Anajua pia kuna makanisa ambako atawekwa kando, asiimbe tena katika kwaya, mpaka ajieleze mbele ya wazee. Mtu ajieleze damu? Tunawaambia wazee wa namna hiyo: mwacheni.

Wababa, shikeni alama hizi. Mama mwenye mimba akilowesha vitambaa viwili kwa saa moja, akiwa na homa, akizimia, akitoka maji yenye harufu mbaya, au chupa ikipasuka kabla ya wakati, msingoje asubuhi. Ombeni mkiwa njiani. Kila kikundi cha maombi kiweke kando feza ya pikipiki ya usiku, na mama mmoja wa kumsindikiza mgonjwa, ambaye anajua kunyamaza.

Karatasi hii isomwe katika kikao cha wamama juma hili, na wababa nao waitwe.